Aliyegeuza Mahari Yake Kuwa Duka la Picha

Wahenga walitwambia: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Usemi huu ni mwepesi kuutamka lakini ni mzito kuufuata, hasa kwa mtu ambaye wema wake ndio riziki yake. Mwalimu humfunza mtoto wa mwenziwe, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara. Fundi mwashi huijenga nyumba asiyokusudia kuishi, naye hulipwa ujira wake. Lakini yuko mtu mwingine ambaye kazi yake ni kukiamini kipaji cha mtu kabla wengine hawajakiamini, akakitolea fedha zake, akakitafutia wateja, akakitetea mbele ya wenye kucheka. Na mara kipaji hicho kinapokomaa, matunda yake huvunwa na jirani mwenye ghala kubwa zaidi. Je, mtu huyo naye aambiwe tu aende zake asingoje shukrani?

Jumapili hii, ndugu msomaji, napenda tulijibu swali hilo kwa kuyatazama maisha ya mwanamke mmoja wa mjini Paris, nchini Ufaransa, aliyeishi kwa kuuza picha za wachoraji ambao wakati ule hawakuwa na jina. Yeye aliitwa Berthe Weill. Baadhi ya wachoraji aliowauzia picha leo wanajulikana dunia nzima: Picasso, Matisse, Modigliani, Diego Rivera. Mwenyewe, kwa muda mrefu, hata huko kwao hakukumbukwa ila na wachache.

Bibi Weill alizaliwa Paris tarehe 20 Novemba, 1865, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya jimbo la Alsace. Nyumba yao ilikuwa na watoto saba na kipato kidogo, na wasomaji wengi wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo mawili yakikaa pamoja. Angali kijana alipelekwa kujifunza kazi kwa jamaa yao mmoja, Salvator Mayer, aliyekuwa na duka la vitu vya kale na picha za chapa. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Chuo chake kilikuwa kile chumba chenye vumbi, na somo lake lilikuwa kutazama: kutazama karatasi, kutazama wino, kutazama mkono wa mchoraji ulipokuwa imara na ulipositasita, tena kumtazama mteja anapoingia na kumpima kama amekuja kununua au amekuja kujikinga na mvua.

Mzee Mayer alipofariki katika miaka ya 1890, Bibi Weill alifungua duka lake, kwa muda akisaidiana na ndugu yake wa kiume, katika barabara ya Victor-Massé, mtaa wa Pigalle. Mtaa huo uko chini ya kilima cha Montmartre, ambako wachoraji maskini walipanga vyumba vya bei rahisi. Hakuwa mrefu, alivaa miwani minene, na ulimi wake ulikuwa mkali. Kwa hiyo ukimwazia usimwazie bibi wa kitajiri aliyeketi kwenye kochi la mahameli. Mwazie mama mwenye kiosko chake, anayejua kila deni na kila mdaiwa.

MAHARI

Fedha za duka zilitoka wapi? Hapa pana jambo la kututafakarisha sisi wenye mabinti. Kwetu mahari hutolewa na upande wa mwanamume. Huko Ulaya mila ilikuwa kinyume: wazazi wa msichana ndio waliotenga fedha, na binti alipoolewa aliingia nazo katika nyumba ya mumewe. Bibi Weill alikuwa na fungu lake la mahari, kiasi cha faranga 4,000. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, hajaolewa na wala haonyeshi dalili ya kuhangaikia ndoa, mama yake alikubali fedha hizo ziingie katika biashara ya picha.

Tuutafakari uamuzi huo kwa macho ya wakati ule. Katika sheria za Ufaransa za siku hizo mke hakuruhusiwa kufanya biashara kwa jina lake bila idhini ya mumewe. Hadi mwaka 1907 mwanamke aliyeolewa hakuwa na haki ya kuutumia mshahara wake mwenyewe apendavyo. Haki ya kupiga kura wanawake wa Ufaransa waliipata mwaka 1944, na hadi mwaka 1965 mume alikuwa na uwezo kisheria wa kumzuia mkewe kufanya kazi, na mke hakuweza kujifungulia akaunti benki bila ruhusa yake. Mwanamke mtu mzima asiyeolewa ndiye aliyekuwa huru kutia saini mkataba wa pango na kuweka jina lake juu ya mlango. Kwa hiyo zile faranga 4,000 zilikuwa na njia mbili. Zingeweza kumnunulia mume, na pamoja naye bwana wa kumwamulia. Au zingeweza kumnunulia mlango wake mwenyewe. Sidai kwamba Bibi Weill alikaa akapima mambo haya kwa mizani ya sheria. Lakini hakuolewa hata mwisho wa maisha yake, na mlango ule aliushikilia kwa miaka arobaini.

Tarehe 1 Desemba, 1901, nyumba yake ya maonyesho ilifunguliwa rasmi. Aliiita "B. Weill". Herufi moja tu ya jina la kwanza! Mpita njia hakuweza kujua kama B huyo ni bwana au ni bibi, na katika biashara iliyojaa wanaume huenda hilo lilimpunguzia kejeli kadha mlangoni. Kwenye kadi ya biashara yake alichapisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Wapisheni vijana". Hayo hayakuwa mapambo. Wauzaji wengine walipendelea marehemu, kwa sababu marehemu habadiliki, haombi fedha za awali, na bei yake inajulikana. Bibi Weill alisema kwa kadi yake kwamba duka lake ni la walio hai, wenye njaa na wasiojulikana.

PICASSO WA FARANGA MIA

Hata kabla ya ufunguzi huo alikuwa amekwisha anza. Mwaka 1900 kijana wa Kihispania mwenye umri wa miaka kumi na tisa, Pablo Picasso, alifika Paris kwa mara ya kwanza. Wakala mmoja kutoka Catalonia, Pere Mañach, alimpelekea Bibi Weill picha tatu za kijana huyo, zikionyesha michezo ya kupigana na mafahali. Bibi Weill alizinunua zote tatu kwa faranga 100, akaziuza kwa faranga 150. Faida yake ilikuwa faranga 50. Inaaminika kwamba hizo ndizo picha za kwanza za Picasso kuuzwa mjini Paris. Muda si mrefu baadaye alimuuzia mwenye gazeti mmoja wa Toulouse picha kubwa ya Picasso, yenye kuonyesha watu wakicheza dansi usiku katika ukumbi uitwao Moulin de la Galette, kwa faranga 250. Picha hiyo leo inatundikwa katika jumba la makumbusho la Guggenheim mjini New York.

Mwaka 1902 aliweka kwake picha za Henri Matisse, akawa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo kabisa kumpatia mchoraji huyo wateja. Matisse wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini na miwili, ana mke na watoto, na mkewe alikuwa akishona na kuuza kofia ili jikoni pasilale baridi. Miaka mitatu baadaye, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1905, Matisse na wenzake walioneshwa pamoja na rangi zao kali, na mwandishi mmoja wa magazeti akawafananisha na hayawani wa mwituni. Jina likawaganda. Mji mzima ulishtuka kana kwamba watu hao wameanguka kutoka mawinguni. Mteja wa Bibi Weill hakushtuka, maana wengi wao alikuwa amekwisha kuwaona katika kile chumba kidogo cha Victor-Massé.

Hebu tuieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani mwenye nyumba ya picha huketi akangoja matajiri. Kwanza kuna pango, na mwenye nyumba hapokei picha badala ya fedha. Kisha kuna fremu, misumari, taa, mkaa wa kupasha chumba moto wakati wa baridi, kadi za mwaliko na stempu zake. Kuna waandishi wa magazeti wa kubembelezwa waje, na wakija kuna hatari ya waliyoyaandika. Mchoraji naye huja Jumamosi akiomba fedha za mkate juu ya picha ambayo haijauzwa, na pengine haitauzwa. Mwenye nyumba hupata fungu lake pale tu picha inapotoka mlangoni. Isipotoka, gharama zote ni zake. Bibi Weill alizoea kuuza vitabu na vitu vya kale pembeni ili kulipa gharama za picha mpya, kama vile mama auzavyo maandazi asubuhi ili duka la vitenge lisifungwe jioni.

MTAJI NI MTAJI

Sasa tuje kwenye swali linalouma. Ikiwa alikuwa na jicho kali hivyo, kwa nini hakutajirika?

Jibu la kwanza ni mtaji. Mwaka 1907 kijana Mjerumani, Daniel-Henry Kahnweiler, alifungua nyumba yake ya picha katika mji huo huo. Jamaa zake matajiri walimpa mtaji wa paundi 1,000 za Kiingereza, yaani kama faranga 25,000, mara sita na zaidi ya mahari ya Bibi Weill. Kwa fedha hizo Kahnweiler aliweza kununua picha nyingi kwa mkupuo, akaziweka, akangoja bei ipande. Baadaye alifunga mikataba na wachoraji, na mwisho wa mwaka 1912 Picasso alitia saini ya kumuuzia yeye peke yake kwa miaka mitatu. Bibi Weill hakuwa na uwezo wa kungoja. Picha aliyoinunua asubuhi ilimlazimu kuiuza jioni, maana kesho kulikuwa na pango. Mwenye ghala huuza mahindi wakati wa njaa. Asiye na ghala huyauza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Hapana siri nyingine.

Jibu la pili linatoka kwa wateja wenyewe. Mwaka 1904 mpenzi mmoja wa sanaa, André Level, aliwakusanya jamaa na marafiki wakaunda chama ambacho sisi tungekiona kama ndugu wa upatu. Kila hisa ilitoa faranga 250 kwa mwaka, na fedha hizo zilinunua picha za vijana. Level alikuwa mmoja wa wateja wa Bibi Weill. Baada ya miaka kumi, mwezi Machi 1914, picha zote ziliuzwa kwa mnada. Picha moja kubwa ya Picasso, waliyomlipa faranga 1,000, ilikwenda kwa zaidi ya faranga 11,000. Wanachama walirudishiwa fedha zao na faida nono, na kwa uungwana wa kusifiwa walitenga sehemu ya tano ya faida wakawapa wachoraji. Wanunuzi walipata, wachoraji walipata. Muuzaji aliyewaonyesha njia alikuwa amekwisha pokea kamisheni yake ndogo miaka kumi nyuma, akailipia mkaa.

Jibu la tatu ni tabia yake, na hapa haifai tumfiche. Bibi Weill hakupenda kumfunga mtu. Mchoraji aliyeanza kuuzika kwake alijua kwamba yuko huru kwenda kwa mwenye fedha zaidi, naye akaenda. Bibi alinung'unika, kisha akamfungulia mlango kijana mwingine asiyejulikana. Wako watakaosema huo ni ujinga wa biashara, na mhasibu yeyote atawaunga mkono. Lakini angewafunga wale wa kwanza, nafasi ya wale wa pili ingetoka wapi katika chumba kimoja?

DIRISHA LA BARABARA YA TAITBOUT

Mwaka 1917 alihamia barabara ya Taitbout. Vita kuu ya kwanza ilikuwa ikiendelea na mji ulikuwa katika dhiki. Mwezi Desemba mwaka huo alimfanyia maonyesho Mtaliano mmoja maskini na mgonjwa wa kifua, Amedeo Modigliani. Miongoni mwa kazi zake zilikuwamo picha za wanawake walio uchi, na mojawapo ilionekana dirishani. Watu wakaanza kusimama, mmoja akamwita mwingine, na barabara ikajaa. Kwa bahati mbaya kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Bibi Weill aliitwa kituoni, akavuka barabara huku umati ukimtazama, akaamrishwa na mkuu wa kituo aziondoe picha hizo.

Sisemi kwamba picha za namna hiyo zitundikwe sebuleni mbele ya watoto na wakwe. Kila jamii ina haya zake, na ukurasa huu ni wa familia. Ninalotaka tulione ni jambo jingine. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, peke yake, alisimama mbele ya serikali kwa ajili ya kazi ya mtu ambaye hakuwa ndugu yake wala hakuwa na uwezo wa kumlipa. Maonyesho yaliharibika. Ziliuzwa picha mbili tu za kalamu, faranga 30 kila moja. Bibi Weill akanunua mwenyewe picha tano za rangi, ili wakala wa kijana huyo, mshairi wa Kipolandi aitwaye Zborowski, asikate tamaa kabisa. Hayo yalikuwa maonyesho pekee ya Modigliani akiwa peke yake katika uhai wake. Alifariki mwezi Januari 1920, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Mwezi Novemba 2015, mojawapo ya picha za uchi alizochora katika miaka ile iliuzwa mnadani mjini New York kwa dola milioni 170 na zaidi. Wasomaji wenye kupenda hesabu wanaweza kuifanya wenyewe.

Jambo jingine aliloliacha ni nafasi aliyowapa wanawake wenzake. Katika siku ambazo mchoraji mwanamke alihesabiwa kuwa bibi anayejipumbaza kabla ya kupika, Bibi Weill alitundika picha za Suzanne Valadon, aliyeanza maisha kwa kazi za mikono na kwa kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore; za Jacqueline Marval, za Hermine David, za Marie Laurencin. Émilie Charmy alikuwa rafiki yake kwa miaka mingi, naye alimchora Bibi Weill katika picha ambayo imehifadhiwa. Wanawake hao hakuwapa ukumbi wao wa pembeni kama wageni wa heshima. Aliwachanganya na wanaume katika ukuta mmoja na kwa bei za soko, na hiyo ndiyo heshima ambayo mfanyakazi yeyote huitaka.

Nasi wa Dar es Salaam tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kwa rangi za mafuta mwaka 1968, kazi zake ziliuzwa kando ya barabara, nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, na waliozinunua zaidi walikuwa wageni. Mwaka 1972, mwaka aliofariki, ndipo Nyumba ya Sanaa ilipoanzishwa mjini humo na mwanamke mwingine, mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Na humo wasanii kama George Lilanga walipata mahali pa kufanyia kazi na mlango wa kuuzia. Mkono wenye kipaji haukosekani katika nchi yoyote. Kinachokosekana mara nyingi ni mlango, na mtu wa kuufungua kila asubuhi.

DENI LALIPWA

Mwaka 1933 Bibi Weill alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, na jina lake, kwa tafsiri ya kadiri, ni "Ngumi ya Jicho". Alitangulia wauzaji wenzake wote mashuhuri kuandika habari za biashara hiyo kwa kalamu yake mwenyewe, hata Ambroise Vollard aliyekuwa tajiri na mwenye sifa. Ni kitabu cha mtu aliyekasirika na aliyecheka kwa pamoja. Anawataja waliomdhulumu, waliomdharau na waliompunja bei, na hajitengi na lawama za ukali wake.

Kisha likaja giza. Wajerumani waliiteka Paris mwezi Juni 1940, na sheria za kuwaonea Wayahudi zikatangazwa: wasimiliki hiki, wasifanye kazi ile, biashara zao zikabidhiwe wengine. Mwaka 1941 nyumba ya B. Weill ilifungwa. Mwanamke aliyekuwa na miaka sabini na mitano, ambaye hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na hakuwa na akiba, alinyang'anywa na watawala kile kitu pekee alichokuwa amekipata kwa mahari yake. Maelfu ya Wayahudi wa Paris walisafirishwa kwenda kuuawa. Yeye alinusurika, lakini vita ilipokwisha alikuwa mzee, mgonjwa na fukara.

Hapa ndipo usemi tulioanza nao ulipopata jibu. Mwezi Desemba 1946, wachoraji na wenye nyumba za picha wa Paris walikusanyika, kila mmoja akatoa kazi, na kazi hizo zikauzwa kwa mnada kwa faida ya Bibi Weill. Fedha zilizopatikana zilimtosha kuishi bila ya kuombaomba hadi mwisho wa siku zake. Mwaka 1948 serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Legion ya Heshima. Alifariki tarehe 17 Aprili, 1951, akiwa na miaka themanini na mitano.

Wengine watasema mnada huo ulikuwa sadaka. Mimi nasema hapana. Sadaka hutolewa na asiyedaiwa. Miaka arobaini bibi huyo alikuwa ameweka fedha kidogo kidogo katika mifuko ya watu wenye njaa, na hapakuwa na daftari la benki lililoandika. Daftari lilikuwa katika mioyo yao, na mwaka 1946 walilifungua wakasoma. Lakini pia tusijidanganye kwamba mambo yalikwisha vizuri. Malipo yalikuja yeye akiwa na miaka themanini na mmoja, baada ya njaa, wala si kwa utaratibu bali kwa huruma ya watu waliobahatika kuwa hai. Mtu akiwa mzigo wake unabebwa na hisani tu, anaweza pia kusahauliwa. Na Bibi Weill alisahauliwa. Vitabu vingi juu ya Picasso na Matisse vilimtaja kwa mstari mmoja au havikumtaja kabisa. Ilibidi ungoje mwaka 2011 ndipo mtafiti wa Kifaransa, Marianne Le Morvan, atoe kitabu cha maisha yake. Na maonyesho makubwa juu yake yalianza New York mwaka 2024, yakaenda Montreal, na mwezi Oktoba 2025 yakafika Paris, katika jumba la makumbusho la Orangerie. Miaka zaidi ya sabini baada ya kuzikwa, alirudi mjini kwake kwa mlango wa mbele, na jina lake likiwa kamili, si herufi B.

Tuchukue nini sisi tunaosoma habari hizi baada ya chakula cha mchana, watoto wakicheza uani? Wazazi tuchukue hili: fedha tunayomtengea binti, iwe ya harusi au ya kitu kingine, tumwulize yeye mwenyewe anataka imfungulie mlango gani. Mama wa Berthe Weill hakuwa msomi wala tajiri, lakini aliiacha mahari igeuke mtaji, na hakuna harusi katika Paris ya mwaka 1901 iliyozaa matunda mengi kuliko hayo.

Wafanyakazi tuchukue hili: tusimwache mlezi wa vipaji, awe mwalimu wa kwaya, kocha wa mpira wa mtaani, au mama anayewapa vijana ukumbi wa mazoezi bila malipo, akae akingoja mnada wa huruma uzeeni. Kama tunakata michango ya mazishi kila mwezi, hatushindwi kukata mchango wa walio hai. Na ukipita barabarani ukamkuta kijana ameegemeza picha zake ukutani, usimpunje bei kwa sababu hana jina. Jina halishuki kutoka mbinguni. Huanza kwa mtu mmoja anayefungua pochi, akatoa zile faranga mia za kwanza.

Hadi Jumapili ijayo, tuonane salama.